Upana wa Nguzo: Makundi ya Umri katika Grafu za Afya za Kasongo na Kabambare

Takwimu za afya zinazozaliwa kusini mwa Maniema, katika teritwari za Kasongo na Kabambare, hupita katika mikono mingi kabla ya kufika Kindu na hatimaye Kinshasa, na kila zinapopita hupungukiwa na kitu. Katika daftari la kituo cha afya, mtoto aliyeletwa na surua ana jina, kijiji, tarehe ya kufika na umri unaohesabiwa kwa miezi. Katika ripoti, mtoto huyohuyo amekuwa alama moja ndani ya kisanduku kilichoandikwa miezi 0 hadi 11, miezi 12 hadi 59, au miaka 5 na zaidi. Wanatakwimu huziita takwimu za namna hii data zilizopangwa katika makundi, na hakuna mfumo wa afya unaoweza kufanya kazi bila hizo, kwa kuwa hakuna ofisi inayoweza kusoma madaftari yote ya zoni za afya za eneo hilo, yaani Kasongo, Kunda na Samba kwa upande mmoja, na Kabambare, Lusangi na Salamabila kwa upande wa pili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ubaya haumo katika kuyapanga makundi bali katika namna yanavyochorwa, kwa sababu grafu ya kawaida ya nguzo huchukulia makundi yasiyolingana kana kwamba yanalingana, na kwa kufanya hivyo inaweza kuwaficha watoto wachanga ambao surua huwaua upesi kuliko wengine.

Istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi kwanza. Idadi ya watu au matukio yanayoangukia ndani ya kundi moja huitwa marudio, na orodha ya makundi pamoja na marudio yake ndiyo jedwali la marudio. Kila kundi lina mpaka wa chini na mpaka wa juu, na umbali kati ya mipaka hiyo miwili ndio upana wa kundi. Mtu anayepanga data hulazimika kuamua yatakuwapo makundi mangapi na mipaka itapita wapi, na uamuzi huo haumo ndani ya data zenyewe. Herbert Sturges, Mmarekani, alipendekeza mwaka 1926 kanuni inayotoa makundi 7 kwa vipimo 64 na makundi 8 kwa vipimo 128, lakini kanuni hiyo ni msaada wa kuanzia tu, wala haijui kwamba mtoto wa miezi 8 na mtoto wa miezi 50 wanaishi katika hatari mbili tofauti kabisa. Ayajuaye hayo ni mganga, si kanuni.

Grafu ya nguzo, ambamo kila nguzo husimama peke yake na urefu wake huonyesha idadi, ilienezwa na Mskoti William Playfair katika kitabu chake cha mwaka 1786 kuhusu biashara ya Uingereza, na inafaa sana kwa vitu visivyo na mfuatano wa kipimo, kama vile kulinganisha zoni ya Kunda na zoni ya Samba. Histogramu ni kitu kingine, ingawa kwa macho zinafanana. Jina hilo lilitolewa na Karl Pearson mjini London katika miaka ya 1890, na mchoro wenyewe hutumika pale ambapo mhimili wa chini ni kipimo kinachoendelea bila kukatika, kama umri, uzito au muda, hivyo nguzo zake hugusana na kila nguzo hupewa upana sawasawa na upana wa kundi lake. Katika histogramu, kinachowakilisha idadi ni eneo la nguzo wala si urefu wake. Mkulima hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa maana hakuna atakayelinganisha mashamba mawili ya mpunga kwa kutazama urefu tu bila kuuliza upana. Lakini katika karatasi za afya kosa hilo hupita bila mtu kulikamata.

Mfano wa kufikirika utaonyesha uzito wake. Ichukuliwe kwamba zoni moja imepokea wagonjwa 60 wa surua walio chini ya mwaka mmoja, wagonjwa 120 wenye umri wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 5, na wagonjwa 90 wenye miaka 5 hadi kabla ya kutimiza miaka 15. Anayechora nguzo tatu zenye upana mmoja atapata picha ambayo kilele chake kiko katikati, na anayeitazama ataondoka akiamini kwamba surua ya mwaka huo ni ugonjwa wa watoto waliokwisha kutembea, kwamba wakubwa wanafuata, na kwamba wachanga ndio walioguswa kidogo kuliko wote. Kundi la kwanza, hata hivyo, lina upana wa mwaka 1, la pili miaka 4, na la tatu miaka 10. Marudio yakigawanywa kwa upana, hupatikana wagonjwa 60 kwa kila mwaka mmoja wa umri katika kundi la kwanza, 30 katika la pili na 9 katika la tatu. Nguzo ya kwanza inakuwa nyembamba na ndefu kuliko zote, ya pili inashuka hadi nusu yake, na ya tatu inalala chini ikiwa pana sana. Maeneo ya nguzo hizo yanabaki 60, 120 na 90, kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyepotea wala kuongezwa, lakini picha imegeuka, na pamoja nayo umegeuka uamuzi ambao mtu mwenye busara angeuchukua kuhusu mahali pa kupeleka chanjo na wauguzi.

Mtu asidhani kwamba hili ni suala la hesabu za shule tu. Florence Nightingale, alipochora mwaka 1858 vifo vya askari wa Uingereza katika vita vya Krimea, alianza kwa kupima umbali kutoka katikati ya duara, kisha akatambua kwamba jicho la msomaji hulipima eneo, akasahihisha mchoro wake ili eneo la kila kipande ndilo libebe idadi ya waliokufa. Aliandika kwa ajili ya watu wenye madaraka ya kubadilisha hospitali, na kwa sababu hiyo hakuweza kuvumilia mchoro unaosema zaidi au pungufu ya ukweli.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, taarifa za vituo huingizwa siku hizi katika programu ya DHIS2, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi za Afrika. Ni chombo chenye manufaa makubwa, kwani daktari mkuu wa zoni huweza kuona katika skrini moja yale ambayo zamani yalihitaji wiki kadhaa za kusubiri karatasi zilizopakiwa kwenye pikipiki. Walakini programu hiyo, kama zilivyo programu za majedwali ambazo kila ofisi inazo, hulitendea kila kundi la umri kama jina tu: miezi 0 hadi 11 ni nguzo moja, miezi 12 hadi 59 ni nguzo moja, na zote zina upana uleule. Kompyuta haikosei, kwa maana haikuambiwa kwamba majina yale ni vipimo. Na kwa kuwa grafu hiyo hutoka ikiwa imenyooka na yenye rangi, inaaminiwa kuliko ile iliyochorwa kwa rula na kalamu juu ya karatasi ya miraba, ingawa mchoraji wa rula angalau angeweza kuipa kila nguzo upana wake.

Kundi la mwisho, la miaka 5 na zaidi, lina shida yake ya pekee kwa sababu halina mpaka wa juu. Kundi lililo wazi upande mmoja haliwezi kuchorwa kwa haki katika histogramu mpaka mtu aamue linaishia wapi, na ndani yake wamechanganywa mwanafunzi wa darasa la kwanza, mchimba dhahabu wa Salamabila na bibi wa miaka 70. Jambo hili lilipata uzito usiosahaulika katika janga la surua la mwaka 2019, ambapo nchi nzima iliripoti takriban wagonjwa 310,000 walioshukiwa, na mwanzoni mwa Januari 2020 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba vifo vimepita 6,000. Zaidi ya watoto milioni 18 wa chini ya miaka 5 walikuwa wamechanjwa katika mwaka huo. Hata hivyo takriban robo ya wagonjwa walikuwa watoto waliozidi miaka 5, na ndipo fedha zaidi zikaombwa ili chanjo ienezwe kwa watoto wa miaka 6 hadi 14. Ripoti inayokusanya wote waliozidi miaka 5 katika kisanduku kimoja haiwezi peke yake kuonyesha kwamba wanaohitaji sindano ni wale wa miaka 6 hadi 14; ili kundi hilo lionekane, sharti mtu arudi kwenye daftari au kwenye fomu ya mgonjwa mmoja mmoja.

Mpaka wa miezi 12 nao unastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko unavyotazamwa. Umri unaotajwa na mzazi mara nyingi ni umri wa kukadiria, na katika nchi ambamo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta robo tu ya watoto wa chini ya miaka 5 wameandikishwa kuzaliwa serikalini, si haki kumlaumu mama kwa kukadiria. Watu wanaokadiria hupenda namba kamili: watu wazima hutaja miaka inayoishia na 0 au 5, na watoto hupewa miezi 12, 24 au 36. Wanademografia huliita jambo hili mrundikano wa umri. Mtoto wa miezi 11 anayetajwa kuwa ana mwaka mmoja anavuka mpaka kwa neno moja tu, anatoka katika kundi jembamba na kuingia katika kundi pana, na wakivuka wengi, nguzo ya wachanga hupungua bila hata mmoja wao kupona au kukingwa. Mpaka wa kundi ukiwekwa juu ya namba inayopendwa, kosa huongezeka. Ukiwekwa mbali nayo, kwa mfano kati ya mwezi wa 6 na wa 9 au kati ya mwezi wa 14 na wa 18, mrundikano wa miezi 12 hubaki ndani ya kundi moja na madhara yake hupungua. Wenye kupanga fomu za kitaifa wana sababu zao za kutumia mwaka kamili, na sababu hizo ni za msingi, hasa ile ya kulinganisha jimbo na jimbo. Lakini hakuna kinachoizuia zoni kuchora pia grafu yake ya pili kwa matumizi yake yenyewe.

Hapa ndipo historia ya Kasongo inapotoa ushahidi ambao hautajwi inavyostahili katika mji wenyewe. Kuanzia mapema katika miaka ya 1970, timu ya madaktari wa Kizaire na wa Kibelgiji, wakishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, iliendesha Kasongo mradi wa kujenga huduma za afya kuanzia kituo cha kijiji hadi hospitali, miaka kadhaa kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978 kuitangazia dunia huduma ya afya ya msingi. Mradi huo, pamoja na mingine kama ule wa Bwamanda, ulichangia katika kubuniwa kwa zoni ya afya, muundo ambao nchi nzima inautumia mpaka leo. Timu hiyo ilichapisha kazi zake chini ya jina la pamoja la mradi bila kutanguliza jina la mtu mmoja, na mnamo Aprili 1981 jarida la Lancet likatoa makala yake kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35.

Mchoro uliobeba makala hiyo haukuwa wa nguzo. Ulikuwa mchirizi wa uhai, yaani mstari unaoanza juu kabisa, mahali ambapo watoto wote wa kundi wako hai, na kushuka kadiri umri unavyosonga na vifo vinavyotokea, ili katika kila mwezi msomaji aone ni sehemu gani ya watoto bado iko hai. Ukoo wa mchoro huo ni wa zamani, maana Edmond Halley alitayarisha jedwali la uhai la mji wa Breslau mwaka 1693, na ndugu yake wa karibu ni grafu ya marudio limbikizi, ambayo hujumlisha marudio kundi baada ya kundi na kupanda badala ya kushuka. Nguvu ya michoro ya aina hii ni kwamba haidhuriwi sana na upana wa makundi, kwa kuwa kila nukta huwekwa juu ya mpaka halisi wa umri, na mwinamo wa mstari kati ya nukta mbili hujigawanya wenyewe kwa upana: mstari unapoinama sana ndipo vifo ni vingi kwa kila mwezi. Watoto waliochanjwa na wasiochanjwa walipochorwa katika karatasi moja, mistari miwili iliachana katika umri ambao surua hushambulia zaidi, na hilo lilitarajiwa. Lakini baadaye, katika umri mkubwa zaidi, ilionekana kukaribiana tena. Timu ikauliza swali zito, nalo ni kama baadhi ya watoto waliookolewa kutoka kwenye surua walikuwa dhaifu kiasi kwamba walifariki baadaye kwa maradhi mengine, hivyo faida ya chanjo ikawa ndogo kuliko ilivyodhaniwa.

Swali hilo halikupokewa kimya. Peter Aaby, Mdenmaki aliyekuwa akifanya utafiti nchini Guinea-Bissau tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, alilipinga kwa data za huko, akidai kwamba chanjo ya surua hupunguza vifo zaidi ya vile vinavyosababishwa na surua yenyewe. Mjadala uliendelea kwa miongo, na mapitio ya tafiti yaliyoombwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2016 yaliikuta chanjo hiyo ikiambatana na kupungua kwa vifo vya watoto vya sababu zote. Kwa hiyo wasiwasi ulioanzia Kasongo haukuthibitika kwa kiwango kilichohofiwa, na hakuna mzazi wa Maniema mwenye sababu ya kuutumia kumnyima mtoto chanjo. Kinachostahili heshima ni namna swali lilivyopatikana. Kama timu ile ingechora nguzo mbili tu, moja ya vifo vya waliochanjwa na moja ya vifo vya wasiochanjwa kwa kipindi chote cha miezi 7 hadi 35, kukaribiana kwa mistari kusingeonekana kabisa, wala Guinea-Bissau isingekuwa na cha kujibu. Swali liliwezekana kwa sababu tarehe za kila mtoto zilihifadhiwa, na umri haukumezwa na kundi pana mapema mno.

Limebaki suala la kigawanyo, yaani idadi ya watu ambayo wagonjwa hulinganishwa nayo, na hili ndilo gumu kuliko yote kwa upande wa Kabambare. Sensa pekee ya kisayansi ya nchi tangu uhuru ilifanyika Julai 1984, ilipohesabu takriban watu milioni 30, na tangu hapo idadi hukadiriwa kwa kukuza namba za kale au kwa hesabu za zoni zenyewe. Vita vya makundi yenye silaha vimewahamisha watu wa Kabambare mara nyingi, na dhahabu ya Namoya na Salamabila huvuta vijana kutoka mbali, hivyo umbo la umri wa eneo la afya moja linaweza kubadilika ndani ya msimu mmoja. Histogramu sahihi ya wagonjwa huonyesha walikokusanyika wagonjwa kwa kila mwaka wa umri. Haionyeshi hatari ya mtu mmoja mmoja mpaka wagonjwa wagawanywe kwa idadi ya watu wa umri huo. Kugawanya kwa kigawanyo kilichokosewa kunaweza kuleta upotovu mkubwa kuliko ule wa nguzo, na kwa hiyo grafu isiyotaja chini yake kigawanyo kilitoka wapi na ni cha mwaka gani haifai kuchukuliwa kuwa imekamilika, hata kama imechorwa vizuri namna gani.

Pingamizi la kawaida ni kwamba muuguzi mkuu wa kituo tayari ana daftari nyingi kuliko mikono, na kumwongezea hesabu za kugawanya ni kumtwisha mzigo wa watu wa ofisini. Pingamizi hili ni la haki, na yeyote anayelipuuza hajui jinsi mtu mmoja anavyozalisha, kuchanja, kutibu na kuandika ripoti katika siku ileile. Ila kazi inayopendekezwa si ya kila kituo wala ya kila mwezi. Ofisi ya zoni inaweza kuifanya mara nne kwa mwaka, kwa magonjwa mawili au matatu tu, surua na malaria kali zikiwa za kwanza, kwa kuchukua umri wa miezi kutoka kwenye madaftari na kuugawa katika makundi membamba kwa wachanga na mapana zaidi kwa wakubwa. Grafu moja iliyochorwa hivyo, hata kwa kalamu ya risasi, ingewafaa wanaopanga kampeni ya chanjo kuliko nguzo nyingi zenye rangi.

Wapo pia watu wa kuisaidia ofisi hiyo. Wanafunzi wa sekondari wa Kasongo hujifunza jedwali la marudio, histogramu na poligoni ya marudio, ambayo ni mstari unaounganisha sehemu za katikati za vichwa vya nguzo, na mara nyingi mazoezi yao huwa ya alama za mtihani au urefu wa wanafunzi wasiojulikana, yenye makundi yaliyolinganishwa makusudi ili hesabu iwe nyepesi. Mwanafunzi anayemaliza shule bila kukutana na makundi yasiyolingana amefundishwa sehemu rahisi ya somo na kunyimwa ile ambayo nchi yake inaihitaji. Walimu wakipewa na zoni idadi zisizo na majina, kwa mfano mahudhurio ya mwaka mmoja ya wagonjwa wa surua kwa miezi ya umri, zoezi la darasani lingekuwa kazi yenye faida, na makosa ya mrundikano wa miezi 12 na 24 yangeonekana kwa macho ya vijana ambao kesho wengine wao watakuwa wauguzi wa vituo hivyo.

Kwa upande wa Divisheni ya Afya ya jimbo huko Kindu, mambo ya kuagiza ni machache na hayahitaji mfadhili: kila grafu ya umri iandikwe chini yake mipaka ya makundi, upana wa kila kundi na asili ya kigawanyo, kundi la miaka 5 na zaidi ligawanywe angalau kuwa miaka 5 hadi 14 na miaka 15 na zaidi, kila surua inapozuka, na madaftari ya vituo yaliyojaa yasichomwe wala kuuzwa kama karatasi za kufungia vitu sokoni, bali yafungwe kwa mwaka na kuhifadhiwa mahali pakavu katika ofisi ya zoni, kwa sababu makundi yakishaundwa na daftari likapotea, hakuna programu yoyote itakayoweza kuyagawanya upya.